Nafasi ya Mlangoni

Slettebråten, Valdres
5 Oktoba 1986

Mdogo wangu Halgeir,

Salamu zikufikie huko juu kabisa ya ramani. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika asubuhi, lakini ninalo na la kulia. Shangazi Torbjørg amerudi kutoka hospitali na nyonga mpya na anatembea vizuri, jambo linalomsikitisha, maana hana tena cha kulalamikia. Viazi viko chini ya sakafu. Mbuzi wameshuka kutoka malisho ya mlimani, wote isipokuwa mmoja, na kama kawaida huyo mmoja ndiye niliyempenda.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunyamaza, na mimi sioni kwa nini nilipie ukimya kwa dakika.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Ni karavani yako, hiyo nyumba yako ya kukokotwa na gari. Panya wameingia.

Juzi niliifungua iingie hewa kabla ya baridi, nikakuta mavi yao kwenye droo ya vijiko, kana kwamba mtu kamwaga mchele mweusi. Wamekula pindo la pazia la dirisha la nyuma. La mbele hawakuligusa. Ukilikumbuka lile pazia la mbele utaelewa kwamba panya nao wana macho.

Nakueleza hali ilivyo ili usije ukasema hukuelezwa. Mwaka huu nimepokea karavani kumi na tatu za watu wa mjini zilale bandani mwangu mpaka theluji iishe. Yako ni ya kumi na nne. Banda unalijua, lina mlango mmoja tu, na anayetoka mwisho ndiye anayeingia kwanza. Mwalimu wa Hønefoss hatoki mpaka Julai, kwa hiyo nimemsukuma hadi ukutani. Wanaotoka Juni wako katikati. Na mlangoni ni pa yule anayetoka mapema kuliko wote. Hapo ndipo ninapoiweka yako, kwa sababu kila vuli unaniambia utakuja kuichukua mara tu barabara zikikauka. Huu ni msimu wa saba wa baridi inasimama mlangoni, Halgeir. Na mlangoni ndiko panya wanakoingilia. Karavani ya mwalimu, kule ukutani, haina hata kinyesi kimoja.

Kwa hiyo nina swali moja na nataka jibu moja. Unakuja lini? Sitaki kusikia "kiangazi". Nataka tarehe. Nikiwa na tarehe nitajua pa kuiweka.

Jirani yetu Embrik alinisaidia kusukuma. Tulipofika yako akauliza, "Na mwenyewe anarudi lini?"

Nikamwambia, "Sukuma."

Dada yako,
Oddrun


Kirkenes
2 Novemba 1986

Dada Oddrun,

Shikamoo kwa goti la kushoto na pole kwa la kulia linalobeba kazi ya wawili. Mwambie shangazi kwamba nyonga ikipona bado kuna meno, asikate tamaa. Namtumia samaki mkavu ayajaribu.

Barua yako ilifika upesi. Jibu ndilo lililochelewa. Huku jua linaaga. Baada ya wiki tatu hivi litatokomea na hatutaliona tena mpaka Januari. Karakanani tunachomelea vyuma chini ya taa mchana na usiku, kwa hiyo kwangu tofauti si kubwa. Afya nzuri. Chumba kina joto. Mama mwenye nyumba ana kasuku anayekohoa kama marehemu mumewe, na usiku nikisikia kikohozi sijui nimwonee huruma nani.

Kuhusu panya. Panya akipitisha kichwa, mwili unafuata. Chukua kalamu ya risasi, lala chini ya karavani, na popote kalamu inapoingia, hapo ni mlango. Ziba kwa ule waya wa kusugulia sufuria, si gazeti, si sponji. Waya unawachoma midomo. Ila yale matundu ya gesi sakafuni, chini ya jiko, usiyazibe kabisa. Gesi ikivuja lazima ipate pa kushukia. Weka wavu mwembamba. Toa kila kitu kinachoweza kuliwa, hata mishumaa, hata sabuni.

Kuhusu tarehe, kazini mambo hayatabiriki. Nadhani kiangazi. Ukibanwa na nafasi, isukume tu nyuma.

Mdogo wako,
Halgeir


Slettebråten
16 Novemba 1986

Halgeir,

Sote wazima, samaki amefika, shangazi ameng'oa kipande cha jino na amefurahi sana. Theluji imeshuka hadi kwenye ua. Yatosha kwa salamu.

Kalamu ya risasi! Wewe unanifundisha mimi kalamu ya risasi? Niliingia mjini Gjøvik na sanduku moja, nikafua mashuka ya hospitali kwa mikono hii, na nilipoondoka nilikuwa na duka langu mwenyewe la kufulia lenye mashine tisa na wasichana watano. Kila mashine ilikuwa na bomba linaloingia na bomba linalotoka, na nyuma ya kila bomba palikuwa na panya anayesubiri nilale. Mimi najua tundu ni nini.

Barua yako ilipofika nilikuwa nimeshamaliza. Nililala chini ya karavani juu ya ngozi ya mbuzi, tochi mdomoni, nikahesabu matundu ishirini na matatu. Bomba la sinki. Waya wa taa za nyuma. Pale sakafu inapokutana na ukuta, juu ya gurudumu la kulia, plaiwudi imeoza na kidole kinaingia hadi kifundo. Yote nimeyaziba kwa waya huo huo wa sufuria na juu yake nikagongomea bati. Matundu ya gesi nimeyawekea wavu. Matairi yote mawili na kile kigurudumu cha mbele nimevisimamisha ndani ya mabeseni ya bati, kuta zake laini, panya apande ateleze. Embrik alipoona akasema, "Mama we, unaiosha miguu?"

Sasa hilo neno lako la mwisho, uliloliandika haraka haraka kama mtu anayetoka mlangoni bila kuaga. "Isukume tu nyuma." Sitaisukuma nyuma. Aliye nyuma hatoki mpaka wengine wote watoke. Nikiisukuma nyuma na wewe ukatokea Mei, utafanya nini, utakaa jikoni kwangu wiki sita ukimsubiri mwalimu wa Hønefoss?

Naiacha mlangoni. Nipe tarehe.

Oddrun


Slettebråten
14 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako. Pengine barua imekwama kwenye theluji, huko kwenu mambo mengi hukwama. Nakutumia kifurushi cha Krismasi: mikate myembamba ambayo shangazi aliioka akiwa amekaa kwenye kiti, jibini la kahawia, soksi jozi mbili na nusu paja la kondoo kutoka ghalani. Paja limekauka vizuri mwaka huu. Likate jembamba, usilikate kama fundi wa vyuma.

Shangazi mzima. Embrik ameanguka kwenye barafu mbele ya kanisa, na watu wote waliokuwa wakitoka ibadani walisikia alichosema.

Panya. Nilifanya kosa la mtu mwenye bidii. Niliziba matundu yote ishirini na matatu, nikagonga bati, nikajipongeza, na wakati huo wote panya walikuwa ndani. Niliwafungia. Wiki mbili nilikuwa napita mlangoni nikisikia mkwaruzo, nikidhani ni upepo unacheza na bati. Nilipofungua walikuwa wametengeneza mji. Wamelitafuna godoro la upande wa kulia, lile ulilolilalia kiangazi kile cha mwisho, wakatoboa njia kutoka kichwani hadi miguuni. Nimetega mitego kwa jibini la kahawia, maana jibini jeupe wanalinusa tu na kuondoka kama wageni kutoka Oslo. Nimewanasa kumi na mmoja. Paka wa Embrik nilimfungia humo mchana kutwa. Nilipomtoa alikuwa amenenepa au amelala sana, sikuweza kutambua.

Mitego ikishategwa mtu hukaa kimya kidogo asikilize kama bado wapo. Nilikaa kwenye benchi la kushoto. Bado kuna harufu ya tumbaku yako mle ndani, na ule unga wa kuchomelea ambao nguo zako hazikuwahi kuuacha. Nilikaa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, miguu ikafa ganzi. Hakuna kilichokwaruza.

Jana shangazi aliuliza tutaandaa sahani ngapi mkesha wa Krismasi. Nikamwambia mbili. Akaweka tatu. Sikuiondoa, nina kazi nyingi za kufanya kuliko kubishana na mtu mwenye nyonga mpya.

Krismasi njema.

Oddrun


Kirkenes
28 Desemba 1986

Dada yangu,

Kifurushi kilifika mkesha wenyewe. Paja nililikata jembamba. Mama mwenye nyumba alikula mikate ya shangazi akasema ni mikavu sana, kisha akaimaliza. Soksi ninazo miguuni ninapoandika. Asante. Naandika asante moja tu kwa sababu ukiona nyingi utaanza kuzihesabu.

Nilikawia kujibu kwa sababu sikuwa na la kusema ulilotaka kulisikia.

Lakini hilo la panya nimelifikiria. Tunajisumbua bure na mabeseni. Unakumbuka babu alivyojenga ghala? Hakuziba tundu hata moja. Alilinyanyua. Nguzo za mawe, juu ya kila nguzo jiwe bapa lililozidi nguzo kwa pande zote, panya akipanda anakuta dari juu ya kichwa chake na hawezi kutembea kichwa chini. Na ngazi ya mlangoni aliiacha mbali na ukuta kwa hatua nzima, tukawa tunairuka tukiwa wadogo na wewe ulikuwa unanishika kola. Nyama na unga wa miaka mia moja na panya hajawahi kuonja.

Nyuma ya banda, chini ya ule msonobari, kuna mawe ya ghala dogo lililobomolewa. Nguzo nne zipo nzima, na mawe bapa yake. Mwombe Embrik na jeki yake ya trekta. Muitoe karavani nje, mng'oe magurudumu, muisimamishe juu ya nguzo hizo. Panya hataingia tena maisha yake yote.

Nawe utapata nafasi ya mlangoni uwape wengine. Hutakuwa na haja ya kuniuliza tarehe.

Heri ya mwaka mpya. Msalimie shangazi.

Halgeir


Slettebråten
11 Januari 1987

Halgeir,

Tu wazima. Baridi ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Shangazi anakushukuru kwa kadi.

Hapana.

Kwanza, jeki ya Embrik inavuja mafuta. Pili, karavani ya mwaka sitini na nane haikutengenezwa kukaa juu ya mawe, fremu itapinda. Tatu, ardhi imeganda sasa, theluji ikiyeyuka nguzo zitazama kila moja upande wake na nyumba yako itasimama kama mlevi. Nne, mgongo wangu.

Unadhani mimi ghala la babu silioni? Liko mbele ya dirisha la jikoni. Nalitazama kila asubuhi nikisubiri kahawa ichemke, tangu siku ya kwanza panya walipoingia. Kila mara nayaona yale mawe bapa, na kila mara najua kabisa kinachotakiwa kufanywa. Mimi si mjinga.

Kitu chenye magurudumu kinasubiri mtu aje akichukue. Ukikitoa magurudumu kinakuwa kibanda. Nina vibanda vya kutosha.

Mitego imenasa wawili wiki hii. Nitaendelea hivyo hivyo. Usinishauri tena kuhusu jambo hilo.

Oddrun


Kirkenes
8 Februari 1987

Dada Oddrun,

Natumaini baridi imepungua. Huku jua limerudi, watoto wa shule walipewa mapumziko wakalitazame, nasi karakanani tukatoka dakika chache tukasimama ukutani kama paka. Mimi mzima.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nikaona nikikuandikia tena kuhusu jeki na fremu nitakuwa nakudharau, na wewe hujawahi kukubali kudharauliwa. Kwa hiyo nakuandikia kile nilichonyamazia kwenye simu.

Baba alipokufa shamba lilikuja kwangu, si kwako uliyezaliwa kwanza, kwa sababu sheria ya enzi zile ilimtanguliza mtoto wa kiume. Nililishika miaka minne na sikuliweza. Ukauza duka lako la kufulia, ukalinunua shamba kutoka kwangu, ukarudi. Watu wanadhani nilisikitika. Siku uliyoingia jikoni na sanduku lako na kuanza kupanga upya sufuria, nilipumua kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikuachia nyumba nikahamia kwenye karavani uani. Nilitaka kubaki, Oddrun. Nilidhani nitabaki humo miaka yote, nikutengenezee mashine, nile kwako jioni.

Unakumbuka nyasi za kiangazi kile? Pengine wewe ulikuwa na kazi, hukuona. Mimi niliona. Embrik alikuja kuuliza tuanze lini kukata. Ulikuwa umesimama kwenye ngazi za nyumba na reki mkononi. Akakusalimu vizuri, akakupita, akavuka uwanja mzima, akagonga karavani yangu. "Vipi, Halgeir, tunaanza lini?" Nikamwambia amuulize dada. Akacheka, akasema, "Haya bwana, lakini wewe waonaje?" Yule wa maziwa alifanya hivyo hivyo. Mchungaji vilevile. Benki waliandika barua kwa jina langu, kwenye shamba lako. Mwisho wa kiangazi nikaona kwamba nikiwa pale uani, hata ndani ya sanduku la plaiwudi, mwenye shamba ni mimi. Nikiwa mbali, ni wewe. Hakuna mtu anayeweza kukupita kwenda Kirkenes.

Ndiyo maana nikaondoka na begi tu. Karavani niliiacha kwa sababu nilihitaji kusema kwamba nitairudia. La sivyo ungeniuliza kwa nini naondoka.

Sasa ing'oe magurudumu. Huwezi kunisubiri mlangoni maisha yako yote.

Halgeir


Slettebråten
8 Machi 1987

Halgeir,

Shangazi mzima. Mbuzi wa kwanza amezaa, mapacha, mmoja mweupe na mmoja ana uso kama wa mchungaji. Mimi nilikuwa mgonjwa wa hasira wiki mbili nzima na sasa nimepona, ndiyo maana nimekawia.

Kwanza tuelewane. Hukunipa shamba. Nililinunua. Kisha ukaniondolea mtu wa kula naye jioni, ukalifunga jambo hilo kama zawadi, ukakaa nalo Kirkenes miaka yote hii bila kuniuliza hata mara moja kama naitaka. Wewe pia ulinipita, Halgeir. Ulivuka uwanja mzima, ukaenda kuamua na nafsi yako.

Nyasi zile niliziona. Nilimwona Embrik, nikamwona na wa maziwa, nilikuwa na macho. Unadhani kule Gjøvik walikuwa wananiuliza nani? Kila mwuza sabuni aliyeingia dukani aliuliza, "Bosi yupo?" Nikawa nawajibu, "Ametoka, ngoja," wanakaa kwenye benchi, mimi naendelea na mashuka, baada ya robo saa navua aproni, nawaambia, "Haya, ameingia." Nilishawazoesha watu wagumu kuliko Embrik. Nilihitaji kiangazi kimoja zaidi, hukunipa.

Juma lililopita Embrik alikuja na jeki. Ndiyo, imetengenezwa. Siku ile kulikuwa na nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kwanza nilitoa magodoro yote, nikafungua milango na kila kabati na kila benchi, nikaiacha wazi siku mbili na usiku wake mpaka panya wa mwisho akafunga virago. Kisha tukaivuta kwa trekta juu ya theluji hadi nyuma ya ghala, pale penye mwamba mtupu, si kwenye udongo, ili barafu ikiyeyuka isizame. Nguzo nne, mawe bapa manne. Fremu haikupinda. Nililijua hilo tangu mwanzo.

Tulipokuwa tunakaza, Embrik akasimama, akajishika kiuno, akaniuliza, "Sasa Halgeir akija itakuwaje?"

Nikamwambia, "Embrik, umekuwa ukiniuliza habari za Halgeir miaka saba. Hebu niulize habari zangu."

Alinitazama kana kwamba nimemuomba avue kofia kanisani. Kisha akasema, polepole, "Haya. Wewe Oddrun, utaitumiaje?"

Nikamwambia bado sijui. Akasema jiko lile la gesi linahitaji mpira mpya, ana mmoja nyumbani. Akauleta jioni. Shangazi akamkaribisha kahawa na walizungumza kuhusu meno mpaka nikaenda kulala.

Nafasi ya mlangoni nimempa daktari wa meno wa Drammen, anayetoka wiki ya Pasaka. Magurudumu nimeyatundika ghalani kwenye kulabu za nyama. Godoro jipya nimeshona mwenyewe, sufu ya kondoo, na mashuka nimeyapiga pasi kama ya hospitali. Nimetega mitego minne ndani na kila asubuhi naikagua. Haina kitu. Theluji chini ya karavani ina nyayo zao, zinakwenda hadi kwenye nguzo, zinaizunguka, zinarudi.

Basi huna tena cha kuja kuchukua. Na mimi sina tena sababu ya kukuuliza tarehe, hakuna mtu wa kumpanga nyuma wala mbele. Kwa hiyo naandika bila panya, maana nimechoka kuandika panya. Nimekukumbuka. Nakukumbuka nikikata mkate, kwa sababu nakata vipande vingi mno. Nataka ukae mezani kwangu, utafune kwa sauti kama unavyotafuna, unikasirishe. Watu wakikuuliza habari za shamba mbele yangu, nitawajibu mimi. Wewe mdomo wako utakuwa umejaa.

Njoo nyumbani, Halgeir. Si kuchukua kitu.

Dada yako anayekupenda,
Oddrun


Kirkenes
22 Machi 1987

Dada Oddrun,

Shangazi nitamsalimia mwenyewe.

Karakanani nimeomba likizo na wameniuliza kwa nini Aprili, mwezi ambao huko kwetu theluji inayeyuka na kila njia ni tope, sheria inakataza mizigo mizito barabarani na hakuna mtu mwenye akili timamu anayevuta karavani. Nikawaambia ndiyo maana.

Kuna jambo nataka ulijue kabla sijafika, usije ukaligundua uani mbele ya Embrik. Gari hili ninalo tangu mwaka wa kwanza huku. Nimelitengeneza mwenyewe kila mahali panapotengenezeka. Vyuma ni kazi yangu. Ndoano ya kuvutia tela ningeichomelea kwa saa moja. Sijawahi kuiweka. Kila kiangazi nilikuwa nakuahidi nitakuja kuvuta karavani, na nyuma ya gari hapakuwa na cha kuvutia.

Nitapitia Finland na Uswidi. Nikipata usingizi nitalala njiani, kwa hiyo siku siwezi kuitaja, na safari hii sikukwepi.

Mahali nitakapolala nikifika, utaamua wewe. Ni kwako.

Halgeir